Wali Aliouacha Taherali

Mahabusu ya wanawake ilinuka mkojo na jiki, na Inspekta Rhoda Nkwabi, aliyekuwa ameteremka kwenye basi la Shinyanga asubuhi hiyo hiyo akitoka msibani Didia, alijiziba pua kwa kiganja. Kisha akakishusha. Mwanamke aliyekaa sakafuni, amejifunika kanga, alikuwa na siku mbili humo ndani na hakuwa na pa kukimbilia hewa.

"Mwangaluka, Mama Blessing," Rhoda alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu." Eufrasia aliinua uso. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Mtoto alikuwa kwa jirani, analishwa uji. "Wamesema saa nane wananipeleka mahakamani. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kesi ya kuua."

"Kesi ya kuua, na kesi ya kuua haina dhamana. Mpaka ije isikilizwe, Blessing atakuwa anatembea na kukuita shangazi. Kwa hiyo nijibu vizuri, maana mimi sikuwepo. Ninachojua ni kile alichoandika Sajenti Adam."

Sajenti Adam alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, mwanamume mnene wa makamo mwenye viatu vinavyong'aa kuliko kazi yake.

Na alichoandika kilikuwa kifupi. Juzi mchana, kwenye mgahawa wa Kihispania pale mjini Geita, mnunuzi wa dhahabu aitwaye Taherali alikula na rafiki zake wawili: Sunil, sonara wa duka la jirani, na Mayala, mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Meza moja, vikaango viwili. Sunil na Mayala walikula wali wa samaki uliochanganywa na soseji za nguruwe. Taherali, Mwislamu, alipikiwa wake peke yake kwenye kikaango kidogo, samaki na kamba tupu. Alikula vijiko viwili vitatu, akashika koo, akaanguka. Wenzake hawakupata hata kichefuchefu. Daktari alisema ni sumu, tena alishuku sayanaidi, ile dawa nyeupe ya kwenye mitambo ya dhahabu. Majibu ya mkemia yalikuwa bado. Kikaango kidogo kilipikwa na Eufrasia, kikabebwa na Eufrasia, na polisi walipofika kilikuwa kimeshaoshwa na Eufrasia kikang'aa.

"Kwa nini ulikiosha?"

"Niliambiwa nikioshe."

"Na nani?"

"Bosi. Mzee Bartholomeo."

"Mzee Bartholomeo amesema hakukuambia kitu."

Eufrasia alivuta kanga mabegani.

"Wali uliobaki humo uliumwaga wapi?"

Macho ya Eufrasia yalipita juu ya bega la Rhoda, yakaenda mlangoni, yakarudi sakafuni. "Muulize bosi," alisema. "Mimi nilishasema. Haikuandikwa."

Rhoda aligeuka. Adam alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mgahawa wenyewe ulikuwa barabara ya wanunuzi wa dhahabu, umebanwa kati ya duka la simu na duka la Sunil. Nje paliegemezwa ubao ulioandikwa kwa chaki: chakula cha mchana cha Kihispania, supu, wali na kitamutamu, elfu sita tu. Ukutani alichorwa fahali wa Hispania, ila mchoraji alikuwa mtu wa hapa hapa, akampa nundu. Bodaboda, madalali, makarani, wote walikuwa wamejaa humo wakishindana na vijiko. Mtu amekufa juzi kwenye meza ya dirishani na leo meza hiyo hiyo ilikuwa imefutwa, imewekewa ua la plastiki, inasubiri mteja. Rhoda alikaa pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama, karibu sana." Bartholomeo alikuwa na aproni nyeupe na tabasamu la mtu aliyewahi kupikia wazungu. Miaka mingi alikuwa jikoni kwenye kambi ya wakandarasi, chini ya mpishi Mhispania, na hakuacha hata mgeni mmoja akae bila kulijua hilo.

"Tuletee alichokula marehemu. Sahani mbili, mimi na sajenti."

"Mimi nimeshiba, afande," Adam alisema.

Rhoda alimtazama. Katika miaka yote aliyofanya kazi na Adam hakuwahi kumsikia akiikataa sahani, hata ya matangani. Akaliweka hilo moyoni.

Supu ikaja kwanza. Ya nyanya, baridi.

"Haijachemka?"

"Ndivyo inavyoliwa, mama. Huko kwao kuna joto."

"Na huku je, kuna theluji?" Alionja kijiko kimoja, akakisukuma kibakuli mbali. Kunywa kachumbari iliyosagwa si adhabu aliyostahili siku ya kutoka msibani.

Wali ndio uliokuja na harufu nzuri, lazima usemwe ukweli. Ulikuwa wa manjano, una vipande vya samaki, kamba na pilipili hoho, kipande cha limau juu. Rhoda alichota, akatafuna, akaanza hata kuwasamehe watu waliojazana humo. Akachota tena. Kijiko kikatoka na kichwa cha kamba. Alikitazama. Kilikuwa kimeshafyonzwa, kimebonyea, kikavu ndani kama ganda la karanga. Akashika limau alikamue. Halikuwa na maji, na kwenye ganda lake palikuwa na alama za meno. Akaufukua wali taratibu mpaka chini, na chini akakuta nusu ya kijiti cha kuchokolea meno.

Hakupiga kelele. Alichokuwa nacho mdomoni alikitemea kwenye kitambaa cha karatasi, akasimama, akaenda jikoni bila kuomba ruhusa, na Bartholomeo akamkimbilia akisema jikoni hapaingiwi.

Kulikuwa na wasichana wawili na mabeseni mawili. Mmoja alikuwa anakwangua sahani zilizorudi: wali beseni hili, kamba na samaki beseni lile. Mwingine alikuwa anachota beseni na kumimina kwenye kikaango kikubwa kilichokuwa motoni, anaongeza mafuta, anakoroga. Walipomwona mgeni wakasimama na miiko mikononi.

"Kumbe," alisema Rhoda. "Ndiyo hiyo elfu sita."

"Mama, nikueleze."

"Nieleze. Nimekula vijiko viwili, nina haki ya kujua nimekula mate ya nani."

"Kamba wanatoka mbali, mama. Na barafu. Na hicho kiungo cha rangi bei yake huwezi kuamini. Nikitupa kila kinachobaki nafunga kesho. Na tena yote yanapita motoni."

"Wanaokula pale nje wanajua?"

"Wanajua wameshiba."

Rhoda alikuwa ameona mengi katika kazi hii. Alishaokota watu mashimoni, alishafukua makaburi. Lakini hayo yote hakuwahi kuyatia mdomoni, na aliinama kwenye bomba la jikoni akasukutua mdomo mara kadhaa kabla ya kuuliza swali lililomleta.

"Juzi, wali wa Taherali. Alikula vijiko vitatu tu. Kikaango kilirudi kimejaa. Usiniambie ulitupwa, maana hapa hakitupwi kitu."

Bartholomeo alijifuta mikono kwenye aproni. "Nilimwambia Eufrasia aoshe kikaango," alisema polepole. "Hilo ni kweli. Nilikana kwa sababu mngeniuliza kilichokuwemo kimekwenda wapi."

"Kimekwenda wapi?"

"Sikukiuza, mama. Naapa. Kabla hata sijajua kama yule bwana amekufa au amezimia, nilikuwa nimeshakimimina kwenye sahani. Halafu polisi wakaingia. Nikaona nisionekane mchoyo." Aliangalia mlangoni. "Afande alisema ametoka na njaa."

Sajenti Adam alikuwa amesimama pale mlangoni, na uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Ulikula," Rhoda alisema.

"Afande."

"Maiti imelala pale ukumbini imefunikwa kitambaa cha meza, wewe umekaa huku jikoni unakula."

"Sikujua ni ule wali. Nilidhani ni wa kikaango kikubwa."

"Ulijua lini?"

"Kituoni. Nilipokuwa ninamwandika maelezo. Eufrasia akaniambia, 'Wali wa Taherali si ndio ule uliokula wewe?' Nikaona nikiandika hilo, nimekula bure kwenye eneo la tukio, kazi sina. Nina watoto wanasoma, afande."

"Na yeye alichozaa ni kinyago?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawa wawili walikuwa wamekwenda mbali zaidi: mmoja alificha beseni, mwingine akaficha shibe yake, na kati yao walikuwa tayari mwanamke anyongwe ili aibu zao zibaki mahali pake. Rhoda aliwaangalia, wote wawili wasafi, mmoja aproni nyeupe na mwingine viatu vyeusi, na hakujua amwonee kinyaa yupi zaidi.

"Sikiliza, Adam. Umekula kikaango kizima kinachodaiwa kuwa na sayanaidi, na leo ni siku ya pili unapumua. Umepata hata tumbo la kuharisha?"

"Hapana."

"Basi chakula hakikuwa na sumu. Unaelewa? Ushahidi wa kumtoa yule mama umekuwa unatembea kituoni kwetu siku mbili, unapiga mswaki, unavaa sare. Ni wewe."

Adam alitoka mbio kuelekea nyuma kulikokuwa na jenereta. Walimsikia akitapika kule. Alikuwa amechelewa kidogo.

Rhoda alirudi kwenye meza ya dirishani akaufikiria mdomo wa Taherali. Kama sumu haikuingia kwa wali, iliingia kwa kitu kingine, tena kitu ambacho Sunil na Mayala hawakukigusa. Alimwita Sunil kutoka dukani kwake. Alikuja na miwani ya kazi bado ikiwa kichwani, mtu mwembamba wa nyumba isiyogusa nyama, ambaye nyama na samaki alivila mbali na macho ya mama yake, na tangu juzi hakuwa amelala.

"Niambie kila alichoweka mdomoni. Usiruke."

"Supu hakunywa. Aliletewa wali, akala. Basi."

"Kabla ya wali?"

"Hakuna kitu, afande." Sunil alikunja paji. "Labda chumvi yake."

"Chumvi gani?"

"Si ile yao. Mabohora, Waislamu wa dhehebu lake, hawaanzi chakula bila kuonja chumvi kidogo, na wakimaliza wanaonja tena. Yeye alitembea nayo mfukoni kwenye kijisanduku cha fedha. Mimi ndiye niliyemtengenezea. Tumekula naye miaka na miaka, afande, hata sikioni tena, ni kama kumwona mtu ananawa."

Ndiyo hivyo. Kila mtu alimwona na hakuna aliyemwona. Adam, aliyekuwa amerudi amelowa uso, alisema kwa sauti ndogo kwamba kijisanduku kipo kituoni kwenye bahasha ya vitu vya marehemu, pamoja na saa, pete na simu. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa.

"Piga simu, isifunguliwe na mtu. Iende kwa mkemia leo," Rhoda alisema, kisha akamgeukia Sunil. "Alipokwenda kunawa, kijisanduku kilikuwa wapi?"

"Mezani. Alikiweka hapo kila siku. Mimi nilikwenda naye kunawa."

"Na Mayala?"

"Alibaki. Alikuwa anangojea maziwa yake."

Rhoda aliinua macho. "Maziwa gani?"

"Maziwa. Glasi kubwa. Hapa hawana, wakamtuma msichana dukani."

"Alikunywa maziwa juu ya wali wa samaki?"

"Yote. Akaagiza nyingine."

Kwao Didia maziwa na samaki havilali nyumba moja. Mama yake alikuwa akisema ukivichanganya tumboni ng'ombe atakauka chuchu, na mtoto aliyeonekana na samaki mkononi hakuruhusiwa kukaribia kibuyu cha maziwa. Mayala naye ni Msukuma, mtoto wa wafugaji, anatokea kijiji kile kile. Asingefanya uchafu ule kwa kiu.

Lakini angeufanya kwa woga. Kwenye mitambo ya kuchenjulia, kibarua aliyegusa ile dawa anapewa maziwa anywe, eti yanaosha sumu. Madaktari wameshasema hadi wamechoka kwamba hayasaidii, na bado kila mtambo una katoni za maziwa mlangoni. Mtu akishaizoea kazi ile, mkono ukigusa dawa, mdomo unatafuta maziwa wenyewe.

"Walikuwa na ugomvi, Taherali na Mayala?"

"Walikuwa washirika kwenye mtambo. Kuna bwawa la maji ya dawa, ukingo wake ulipasuka. Ng'ombe wa watu walikunywa wakafa, wengi. Mayala aliwafukia usiku. Taherali alipojua akasema wiki hii anakwenda kueleza serikalini, bora mtambo ufungwe."

Mfugaji aliyefukia ng'ombe wa jirani zake kama takataka. Rhoda aliangalia saa ya ukutani, kisha akamwuliza Sunil kama dukani kwake kuna kijisanduku kingine cha aina ile. Kilikuwepo.

Mayala alifika kabla ya saa nane, ameitwa kuja kusaini maelezo. Mtu mrefu, mpole, kofia mkononi.

"Mwadila, mayu. Poleni na msiba wa Didia, nilisikia."

"Mwadila. Tumepoa. Kaa, Mayala, tunakula kidogo."

Sahani zilikuwa mezani, na hizi Rhoda aliwasimamia wasichana mwenyewe zikapikwa upya. Sunil alikaa upande wa pili. Rhoda alitoa mfukoni kijisanduku cha fedha, akakiweka katikati, akakifunua. Chumvi nyeupe.

Mayala alikitazama, kofia bado mkononi.

"Sunil ameomba tumkumbuke rafiki yenu kwa desturi yake," Rhoda alisema. "Kila mtu aonje kabla ya kula."

Sunil alinyoosha mkono. Alichukua chumvi akaipeleka mdomoni taratibu, kama walivyopatana, ili mtu yeyote mwenye la kusema apate nafasi ya kulisema.

Mayala hakusema kitu. Alivuta sahani yake karibu, mbali na kijisanduku, akafunika glasi ya maji kwa kiganja. Akamtazama Sunil koo. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu, na Sunil naye alimtazama, na jikoni msichana aliangusha kifuniko.

"Sasa wewe," Rhoda alisema.

"Mimi nina presha. Chumvi nimekatazwa."

"Punje moja."

Mayala bado alikuwa anamwangalia Sunil, ambaye alikuwa amekaa vile vile, mzima. Kitu kilibadilika usoni mwake, kama mtu aliyepiga hesabu ikakataa. "Hiyo siyo yenyewe," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo ile ya Taherali."

"Umejuaje? Vimetengenezwa na mkono mmoja, hata aliyevitengeneza hawezi kuvitofautisha. Chumvi ni chumvi." Rhoda alifunga kijisanduku. "Tofauti ni moja tu, Mayala. Aliyeonja hii hajafa. Na hakuna mtu aliyekuambia kwamba rafiki yenu alikufa kwa chumvi. Mji mzima unajua aliuawa na mpishi."

Mayala aligeukia mlango. Adam alikuwa ameshausimamia, na pingu mkononi.

Sunil ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini, akiwa bado ameshika ukingo wa meza. "Uliniacha nile," alisema. "Mayala. Tumekula pamoja siku zote hizi. Uliniacha nile."

Mayala alimaliza maji ya glasi yake, halafu akaomba maziwa, na Rhoda akasema apelekwe garini kabla yeye mwenyewe hajatapika.

Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa uani Rhoda alipofika kituoni; simu yake ilikuwa imewakuta wanampandisha Eufrasia. Wakamteremsha. Jirani alikuwa amemleta mtoto, na Eufrasia alikaa kwenye ngazi za kituo akamnyonyesha mbele ya watu wote, hakuna aliyemwambia ajisitiri. Rhoda alimwita Adam, akampa karatasi na kalamu, akamwamuru aandike maelezo yake hapo hapo, akiwa amesimama, mbele ya yule mama.

"Andika ulivyokula."

Adam aliandika. Alitoka jasho, akafuta, akaandika tena, kisha akasoma kwa sauti kwamba siku ya tukio alipewa sahani ya wali na mwenye mgahawa, akaila, na hakupata madhara yoyote.

Eufrasia alimhamisha mtoto upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama sajenti usoni.

"Hujamaliza, afande," alisema. "Ulikula, ukaniletea sahani, ukaniambia mama, niongezee."

Adam alisimama na kalamu. Rhoda alimwambia aandike na hilo.